Rozari ya Kukimbilia

Watu wa kijiji chetu hapa Bukiriro watakuambia kwamba kaka yangu Philbert aliponywa mguu na Bikira Maria, asubuhi moja ya Desemba mwaka 1978. Koleta, jirani yetu, atakupeleka mpaka mahali alipopigia magoti siku hiyo. Usibishane naye, utachoka bure. Mimi nilikuwepo, rozari mkononi, na ninajua kwamba mguu ule ulipona polepole kwa miezi sita, kwa jasho la mwenyewe. Ninajua kwa sababu aliyekuwa akihesabu ni mimi, Bonifasia.

Kaka alikuwa mkimbiaji. Alipokuwa shuleni Rulenge alishinda mbio za maili tatu miaka miwili mfululizo, wakampa blanketi la kijivu. Mama akalifungia sandukuni kwa sababu lilikuwa zuri mno kulaliwa, na mwisho wake panya ndio waliolitafuna. Hata alipomaliza shule na kushika jembe hakuacha. Akitumwa chumvi, anakimbia. Tukienda misa anatutangulia, tunamkuta kanisani ameketi, shati limeshakauka. Mama yetu Theodosia, aliyefiwa na baba sisi tukiwa wadogo, alizoea kusema kwamba huyu alimzaa njiani.

Mwaka 1974, katika operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa, tukaambiwa tuhame. Nyumbani kwetu kulikuwa juu kilimani ndani ya migomba, na mti mkubwa wa mvumu uani. Tukapewa kiwanja huku chini karibu na barabara, mstari wa pili, nyumba ya kumi na moja, ambako kila mtu anaona moshi wa mwenzake na anajua amepika nini. Siku ya kuhama, vijana wa operesheni walikuwa na haraka. Kaka alipanda juu kuokoa miti ya paa, maana miti mizuri haikuwa rahisi kupatikana, na boriti la katikati likang'oka pamoja naye. Lilimwangukia mguu wa kulia. Mfupa ulipovunjika tulisikia sote, hata vijana wa operesheni waliacha kubomoa.

Alilazwa miezi minne, mguu ndani ya plasta. Alirudi na fimbo na cheti. Cheti kilisema asifanye kazi nzito wala mazoezi ya mgambo mpaka daktari atakapoagiza tena. Daktari mwenyewe alihamishwa, na aliyemfuata hakumjua Philbert, kwa hiyo hakuna aliyeagiza tena. Mama akakitia cheti katika kitabu chake cha sala. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Novatus, alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi yenye muhuri, akampa kaka kazi ya kukaa mlangoni mwa ghala la kijiji kufukuza mbuzi. Miaka minne mkimbiaji wetu alifukuza mbuzi akiwa amekaa. Tumbo likaota. Wenzake wakipita na majembe kwenda shamba la kijiji humwuliza, "Bwana Ghala, mbuzi hawajakushinda?" Alicheka nao. Mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba yake.

Mwezi wa sita mwaka 1978, tulipokuwa tumeanza kuanika maharage, akaniita nyuma ya nyumba.

"Bonifasia, nataka kuujaribu mguu. Alfajiri, kabla kengele ya kazi haijagongwa. Nitapanda mpaka kwenye mvumu wetu na kurudi. Sitaki mtu ajue. Nikishindwa, niwe nimeshindwa peke yangu."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Wewe ni saa."

Saa hatukuwa nayo. Katika kijiji kizima saa ya mkono ilikuwa ya Mwenyekiti, nayo ilisimama inapopenda. Lakini nilikuwa na rozari, na masista walinifundisha kuisali bila kukimbiza maneno, kila Salamu Maria kwa urefu uleule. Basi tukapatana. Yeye akikohoa nyuma ya choo, ndiyo alama, mimi nasimama mwisho wa mstari wa nyumba na kuanza. Kila Salamu Maria kumi ni kumi moja. Akirudi, namwambia ni makumi mangapi.

Njia ya kupanda mahameni ilikuwa imeota nyasi. Hakuna aliyeipita saa zile, kwa sababu kuonekana unarudi rudi ulikohamishwa kulikuwa na maswali yake. Siku ya kwanza alikwenda kwa kutembea tu. Nilisali rozari nzima, nikaanza tena, nikawa na hofu kwamba ameanguka huko juu. Alirudi midomo imemkauka, amejishika kiuno.

"Ngapi?"

"Saba."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye huku Mama Maria anasikiliza?"

Akakaa chini kwenye umande akacheka, na mimi nikacheka. Saba! Zamani angeenda na kurudi kabla sijamaliza mawili.

Wiki ya pili akapata tamaa. Aliteremka akikimbia kana kwamba blanketi jingine linamsubiri huku chini, na jioni goti likavimba ukubwa wa boga. Tulimwambia mama kwamba aliteleza chooni. Wiki tatu alilala, na katika kulala huko ndipo alipokumbuka maneno ya mwalimu wao wa michezo pale Rulenge, kwamba mwili ulioacha kazi unarudishwa kwa kubembelezwa. Akaanza upya. Siku mbili anakwenda, ya tatu anapumzika, hata kama hajachoka. Kwanza kutembea tu, mpaka makumi saba yakawa sita. Halafu Salamu Maria tatu anakimbia, kumi anatembea. Halafu tano kwa kumi. Naye alikuwa akizitamka mwenyewe kwa sauti huku anakimbia, kwa sababu mwalimu aliwaambia kwamba mwendo wako ni ule unaokuruhusu kuongea. Akishindwa kumaliza Salamu Maria moja bila kukatika pumzi, anapunguza. Nilimtania kwamba Bikira Maria hajawahi kuhemewa masikioni namna ile.

Goti lilikubali kwanza, pumzi zikafuata, tumbo likawa la mwisho. Septemba tulifika makumi manne. Katikati ya Oktoba, matatu na Salamu mbili. Alianza kuimba wakati wa kunawa. Lakini mchana mlangoni mwa ghala alikaa na fimbo yake, na akiinuka alichechemea kama kawaida, akichechemea vizuri kuliko alipokuwa mgonjwa kweli.

Nilimwuliza kwa nini asikirudishe cheti yakaisha.

"Nikikirudisha leo, na kesho mguu ukakataa, nani ataniandikia kingine? Nipe mpaka Krismasi. Nikifika makumi mawili nitakwenda kwa Mwenyekiti mwenyewe, kwa miguu yangu, nimwambie aniandike shambani na watu."

Nikaona ni maneno ya akili. Tulikuwa wajinga wawili.

Mwisho wa Oktoba nduli wa ng'ambo ya mpaka akavamia Kagera. Redio ya Mwenyekiti ikawekwa dirishani, kijiji kizima kikasimama uani kwake. Kabla wiki mbili hazijapita lori la kwanza likaja kuchukua mgambo, na Desderius, mume wa Koleta, akaondoka nalo. Kila mwanaume mwenye miguu miwili akawa anahesabika. Kile cheti cha kumpumzisha kaka sasa kikawa ukuta, naye yuko nyuma yake. Akikirudisha, anakwenda vitani. Akibaki nacho, ni mwongo anayekula mchana na wake wa walioondoka.

"Naogopa, Bonifasia," aliniambia. Aliyasema wazi, ananitazama. "Kufa naogopa. Na mguu huu naogopa kuwapa. Nimeutafuta hatua kwa hatua, wao watauharibu wiki moja."

"Basi acha kukimbia. Kaa uchecheme mpaka vita viishe."

Alijaribu. Siku nne. Siku ya tano nilimkuta chumbani anakwenda kutoka ukuta hadi ukuta na kurudi, hatua sita, hatua sita, kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Mama alimwuliza anatafuta nini. Kesho yake alfajiri nikasikia kikohozi nyuma ya choo, na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nikachukua rozari.

Sasa kosa langu. Mimi nasali kwa sauti. Nikisali kimoyomoyo napotea, najikuta kumi na mbili au nane. Na asubuhi za vita watu hawalali vizuri. Siku moja mwishoni mwa Novemba Koleta akatokea gizani, kanga kichwani, machozi yanamtoka.

"Nakusikia siku zote hizi, Bonifasia. Unawaombea waume zetu peke yako, na sisi tumelala tu. Nisamehe."

Ningesema nini? Kwamba naipima miguu ya kaka? Nikasogea, akapiga magoti karibu yangu. Kesho yake akaja na wanawake kumi na mmoja, akatangaza kwamba tunafanya novena, siku tisa bila kukosa. Philbert alipokuwa anashuka alizisikia sauti, akajificha kwenye migomba ya mahame mpaka tulipomaliza rozari, litania na nyimbo mbili. Alirudi nyumbani amelowa umande, meno yanagongana.

"Una jeshi lako sasa," akasema.

Tukaamua apumzike mpaka novena iishe. Mimi nihesabu, halafu siku ya kumi njia itakuwa wazi. Nikahesabu. Nikahesabu tangu siku aliyokuja Koleta peke yake. Koleta naye alianzia siku waliyokuja wote. Nimezihesabu Salamu Maria maelfu bila kukosa hata moja, na siku tisa zikanishinda.

Siku ile nilitoka nikiwa mwepesi kabisa. Nikawakuta mwisho wa mstari, wote, na katekista Gozbert katikati yao na mshumaa, amekuja kufunga novena. Papo hapo nikasikia kikohozi nyuma ya choo, na nyasi za njiani zikisuguliwa na miguu inayoondoka. Kumwita jina siwezi. Kumfuata siwezi. Gozbert akafanya ishara ya msalaba.

Nilisali kwa kupaza sauti mpaka Koleta akanitazama. Nilitegemea ataisikia kutoka juu kama alivyoisikia mara ile. Nilisahau kanuni yake. Alikuwa anateremka akisali kwa sauti yake mwenyewe, ili apime pumzi, na mtu anayejisikiliza mwenyewe hasikii wengine. Miguu iliyokuwa imepumzika wiki nzima ilimleta kwa kasi ambayo sijaiona tangu shule. Tulikuwa tunamaliza kumi la pili. Sisi tulikuwa tumefika kwenye "utuombee sisi wakosefu", na yeye akatokea kwenye kona ya migomba, kifua mbele, anatamka maneno yaleyale.

Mungu anisamehe, kabla sijaogopa nilifurahi. Makumi mawili kamili.

"Mawe!" Koleta alilia kwa Kihangaza chetu, yaani mama yangu, akaanguka magotini. "Muujiza! Mguu wa Philbert!" Wengine wakaanguka naye. Mshumaa wa Gozbert ukazimika.

Kaka alisimama katikati yao anahema. Gozbert akamsogelea, akamshika bega, akauliza kwa upole kabisa, "Philbert, mguu umepona lini?"

Akanitazama. Akisema mwezi wa sita, ni mtu aliyejificha nyuma ya karatasi wakati Desderius yuko vitani, na Koleta huyo hapo chini anamshika miguu. Akisema leo, ni mzima tangu leo. Nikaona mdomo wake unafunguka, na niliijua sura ile, alikuwa anataka kusema kweli. Nikamuwahi.

"Umepona sasa hivi!" nikasema. "Sote tumeona!"

Kaka akafumba macho.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, akaugusa mguu kuanzia paja hadi kisigino, akalia kwa sauti. Miaka minne alikuwa akiuombea. Mbele ya kilio kile nani angeanza kueleza habari za mazoezi?

Mchana Mwenyekiti akaja, amevaa koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone mambo ya Mungu."

"Nimekuja kushukuru pamoja nanyi." Akashukuru kweli, akavua kofia. Halafu akakohoa. "Mama, nimeagizwa watu kumi na wawili kwa lori la keshokutwa. Ninao kumi na mmoja. Nimehangaika nyumba hadi nyumba. Na leo asubuhi naambiwa habari hii. Cheti kinasema mpaka daktari aagize tena. Sasa kuna daktari gani mkubwa kuliko huyu?"

Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kukileta kitabu cha sala. Alikitoa cheti kwa mikono miwili, akitabasamu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani baada ya sherehe. Mwenyekiti akakikunja akakitia mfukoni. Philbert alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinyoosha miguu mbele yake, anaitazama.

Siku mbili hakusema nami. Nilimpikia, nilimfulia shati, nilimtafutia sabuni ambayo haikuwapo dukani. Siku ya lori, watu wanaimba, Koleta anataka aguse mguu kwa mara ya mwisho ili Desderius arudi salama, kaka akaninong'oneza.

"Ungeniacha niitwe mwongo. Mwongo wangemfunga Ngara, siku moja angetoka."

Akapanda. Lori lilipotikisika akainama ukingoni, na nafikiri alinionea huruma.

"Haya, saa," akasema. "Anza."

Nikaanza pale pale barabarani, kwa sauti, kila mtu ananisikia.

Habari yake ilitufikia mara moja. Dereva mmoja aliyetoka Lusahunga alisema lori lao lilisimama pale wakala chakula, na mmoja akamtuma atuambie mguu ni mzima. Baada ya hapo kimya. Mimi kila alfajiri nilikuwa mwisho wa mstari, kwa maana wanawake walikataa niache. Nilikuwa nimefanywa kiongozi wa mahali pa muujiza. Siku nikiumwa kichwa walinigongea mlango. Nilisali nikiwa na hasira, na kila Salamu Maria niliona kisigino kimoja kinakanyaga chini, halafu cha pili. Redio ikatangaza vita vimekwisha. Desderius akarudi mwezi wa kumi. Philbert hakurudi.

Alirudi Februari mwaka 1980, kwa miguu kutoka barabarani, mzima. Sikukuta kovu hata moja. Mama akamwandalia ndizi, kijiji kikaja, na kabla hajamaliza kula kuna mama ameleta mtoto mlemavu ili aguswe na mguu wake. Kaka akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Miezi mitatu alikaa ndani. Kengele ya kazi ikigongwa alikuwa chini sakafuni kabla mlio haujaisha. Aliketi akiutazama mlango. Watu waliendelea kuleta wagonjwa, mama akiwakaribisha kwa furaha, na yeye akitoka anawashika mikono na kusema "Mungu awabariki" kwa sauti isiyo yake. Nilimwuliza mara moja kama atapenda kupanda kwenye mvumu.

"Huko tulikimbizwa," alisema. "Hakuna aliyekuwa anahesabu."

Sikumwuliza tena.

Mvua za masika zilipokatika, alfajiri moja, nikiwa bado kitandani, nikasikia kikohozi nyuma ya choo. Nilidhani ni ndoto. Kikaja tena. Nilitoka bila kanga ya kichwani, nikaitafuta rozari gizani, nikakimbia mpaka mwisho wa mstari. Ilikuwa mapema kuliko saa ya wanawake. Nikamwona mgongo wake unapanda katika nyasi, polepole, kwa kutembea. Alisimama mara mbili, akageuka kutazama nyuma. Kisha migomba ikamficha.

Nilisali. Rozari ikaisha, nikaanza tena. Alipotokea alikuwa amejishika kiuno, midomo imemkauka. Akaja akasimama mbele yangu.

"Ngapi?"

Nilitamani kudanganya. Nilikwisha kumdanganyia mara moja.

"Saba," nikasema.

Akaketi chini kwenye umande. Nikangoja alie au acheke. Alivuta pumzi, akaziachia, akazivuta tena, akisikiliza zinavyokwenda. Nyumba ya Koleta mlango ulilia, mtu anatoka.

Kaka akainuka.

"Kesho," akasema, "uhesabu kimoyomoyo."